Msusi aliyegoma kuficha mapanja yake

Saa mbili asubuhi, maji yameshachemka na harufu ya shampuu imejaa saluni nzima. Mteja wa kwanza, karani wa benki aliyeomba ruhusa ya kuchelewa kazini, ameketi akitazama kioo. Nyuma yake amesimama mwanamke mrefu, chanuo kalibana kwapani, vidole vinakwenda mbio kichwani mwa mteja bila yeye kuviangalia.

"Kaza kidogo hapo mbele," karani anasema. "Nataka nikae nazo mwezi mzima."

"Sikazi," msusi anajibu.

Karani anainua macho kumtazama kwenye kioo, na hapo ndipo anapomwona vizuri. Nywele za msusi zimekatwa fupi mno. Kuanzia pembeni mwa kipaji cha uso hadi juu ya masikio, kulia na kushoto, hakuna kitu, ni ngozi tupu. Hajafunga kitambaa, hajavaa kofia, hajajipaka chochote. Karani anasema haya basi, amsuke anavyojua mwenyewe.

Pale saluni anaitwa Kaza, na ukiuliza jina lake jingine utazungushwa mpaka uchoke. Jina hilo alipewa na wateja miaka kumi na sita iliyopita, nalo lilikuwa sifa. Misuko yake ilibana hadi nyusi zikapanda. Mtu alitoka pale na vidonge vya maumivu mkobani, akalala kwa taabu siku mbili, kisha akarudi na wadogo zake nao wasukwe na fundi huyohuyo.

"Msuko usiouma waliuona wa kulipua, kazi ya harakaharaka," anasema huku akicheka. "Walikuja kununua maumivu, na mimi niliyauza."

Kichwa chake mwenyewe nacho kilikuwa kazini. Mtindo mpya ulipoingia mjini, mwenye saluni, ambaye wote wanamwita Madamu, alitaka uonekane kwanza kwa Kaza. Wenzake walimsuka jioni wateja wakipungua, wakamfumua kabla wiki haijaisha, wakamsuka mtindo mwingine. Picha yake akiwa na rasta za kufika kiunoni ikabandikwa kwenye kioo cha mlango, na wateja waliingia wakiinyooshea kidole: nataka kama za huyu. Kwa kazi hiyo ya kuwa kielelezo hakuongezwa hata senti. Wakati ule aliona ameheshimiwa. Leo akiisimulia, hasira inamjaa na wala hajisumbui kuificha.

"Fundi wa kuchomelea akiungua mkono, watu wanasema kaumia kazini, wanampa pole," anasema. "Mimi kichwa hiki kimeumia kazini. Sasa aibu inatoka wapi?"

Habari za mafundi wa kuchomelea anazijua vizuri kwa sababu mume wake ni mmoja wao. Bwana huyo ana upara tangu siku za uchumba, na hakuna aliyewahi kumwambia auvike kitu. Watu wanamwamkia kwa adabu zaidi, wakidhani ni mzee.

Mapanja ya Kaza yalianza kurudi nyuma taratibu, na mwanzoni aliyaziba kwa wanja. Kisha akanunua unga mweusi wa kunyunyizia, ule unaong'ang'ania nywele chache zilizobaki na kuzifanya zionekane nyingi. Ulimkaa vizuri hadi siku alipoinama kwenye sinki kumwosha mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi. Joto lilikuwa kali, jasho likamtoka, na unga ukashuka nalo moja kwa moja hadi kwenye kola ya blauzi nyeupe ya mwalimu. Mwalimu akadhani ni rangi ya nywele inayovuja. Kaza akaomba radhi, akasema ni kweli ni rangi, na blauzi akailipa.

Baada ya unga likaja wigi. Lilikuwa zuri, anakiri, tena lilimpendeza kuliko nywele zake za ujanani. Shida ni gundi. Ilipakwa palepale palipoumia, na kila alipolibandua usiku, wigi lilitoka na vinywele vilivyokuwa vimesalia. Alikuwa anaficha kipara kwa kitu kinachokipanua.

Dada yake ndiye aliyemkokota hadi hospitali kwa daktari wa ngozi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole asiyependa maneno mengi. Daktari alimchunguza kwa kioo cha kukuzia, akamweleza bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Pembeni mizizi imekufa na ngozi imefanya kovu, huko asitegemee sana. Katikati ya kichwa nywele zimepungua lakini mizizi ingali hai, na ipo dawa ya maji ya kupaka kila siku inayoweza kuisaidia. Itachukua miezi, na akiiacha nywele zitapungua tena. Jambo jingine, kichwa kikae wazi. Gundi marufuku, kushonea nywele za bandia marufuku, kuvuta marufuku.

Kwa hiyo ilimbidi achague, maana wigi na dawa visingekaa kwenye kichwa kimoja. Chupa ya dawa ilikuwa bei ya kusuka vichwa viwili, na ilikuja bila ahadi yoyote ya hakika.

"Wigi lilinipa nywele leoleo," anasema. "Dawa ilinipa labda. Nikaona heri labda ya kwangu."

Madamu hakuipenda labda hiyo. Alimwita kando na kumpa mawili: avae wigi, au aache kiti cha kusukia ahamie sinki la nyuma, awe anaosha tu vichwa vya wateja wa wenzake. Mwandishi alipomuuliza Madamu kuhusu hilo, hakukana. Alisema hana chuki na mtu, saluni inalipiwa kodi, na mteja akiingia mlangoni jicho lake la kwanza liko kwenye kichwa cha msusi.

Kesho yake Kaza alifika amenyoa. Hakwenda kwenye sinki. Alisimama nyuma ya kiti chake cha kila siku, akatandika taulo, akamwambia Madamu kuosha ataosha, lakini wateja wake mwenyewe. Madamu akamwacha, wateja waamue wenyewe.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Mume, kwa nia njema kabisa, alimshauri avae tu hilo wigi yaishe. Kaza akamuuliza na yeye atavaa la kwake lini. Bwana alicheka hadi machozi, na tangu siku hiyo hajatia neno tena. Sasa yeye ndiye anayempaka dawa ya utosini kila jioni, kwa vidole vyake vigumu vya karakana.

Miezi ya mwanzo ilimtoa jasho. Wateja walishuka kutoka watano kwa siku hadi wawili, na siku nyingine hakuna kabisa. Mama mmoja aliingia na binti yake, akakiona kichwa cha Kaza, akamgeuza mtoto mabega wakatoka. Na juu ya yote hayo, dawa yenyewe ilipoanza kufanya kazi nywele zilinyonyoka zaidi. Daktari alishamwambia jambo hilo linaweza kutokea, lakini kuambiwa ni kitu kimoja na kuziokota kwenye mto ni kingine. Alilia bafuni, anasema, akafungulia maji ili watoto wasimsikie. Kisha akajipangusa, akapaka dawa ya siku hiyo.

Mwezi wa tano, katikati ya kichwa, vikachomoza vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Mapanja yalibaki vilevile. Na polepole wakaanza kuja wateja wa aina nyingine, wenye vitambaa vilivyofungwa hadi kwenye nyusi, wakiuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli yupo msusi asiyevuta. Wanaotaka kusukwa anawasuka. Wale walioanza kuwa na mabaka anawatuma kwanza kwa daktari, na pesa yao haigusi.

Madamu naye ana macho. Aliviona vile vinywele, na baada ya wiki mbili rafu ya mapokezi ikajaa chupa za mafuta ya nywele. Kwenye lebo kumeandikwa Mafuta ya Kaza, na chini yake kuna picha mbili. Iliyoandikwa "Kabla" ni ya Kaza wa sasa, mapanja yako wazi. Iliyoandikwa "Baada" ni ile ya mlangoni, ya rasta za kufika kiunoni, iliyopigwa miaka kumi kabla ya nyingine.

Kaza aliahidiwa sehemu yake katika kila chupa, na kwa mtu ambaye kipato kimepungua nusu hilo si neno la kupuuzwa. Alikataa. Madamu akamweleza kwamba mafuta yale hayamdhuru mtu, yanalainisha nywele na yananukia vizuri, jambo ambalo Kaza mwenyewe halibishi. Mwishowe akaambiwa afikirie hadi mwisho wa mwezi: akubali kuyanadi, au kiti kina mtu mwingine.

Asubuhi hii jibu linatoka kabla ya mwisho wa mwezi. Karani wa benki ameshasukwa, anajigeuza mbele ya kioo, ameridhika kuliko alivyotarajia. Akiwa anatafuta pesa mkobani anaiona chupa. Anaichukua, anaitazama lebo, kisha anamtazama Kaza. Madamu yuko hapohapo kwenye droo ya pesa.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na haya ndiyo yaliyokuotesha nywele?"

Wasusi wengine wawili wanageuka. Kaza anajifuta mikono kwenye aproni, bila haraka.

"Hapana, mdogo wangu. Hiyo picha ya pili ni ya zamani, kabla sijaharibika. Haya yanalainisha nywele tu. Mimi napaka dawa ya hospitali, na hapa pembeni nywele hazijaota, na huenda zisiote kamwe. Ukitaka nitakuelekeza kwa daktari."

Karani anairudisha chupa rafuni. Anauliza kliniki ni siku gani, na anauliza kwa namna ya mtu anayejiulizia mwenyewe.

Mteja akishatoka, Madamu anasema kwa utulivu kwamba Kaza amejifukuza, mwezi ukiisha aondoke. Kaza anasema amesikia. Hapandishi sauti.

Anapo pa kwenda. Dada yake amempa chumba cha mbele cha nyumba yake, chenye dirisha moja na bomba la maji karibu. Mume ameshachomelea viti viwili, bado havijapakwa rangi. Kaza anataka kusuka huko misuko isiyovuta, na kuwafundisha wasichana wawili watakaoanza kazi na mkono mwepesi tangu siku ya kwanza. Akiulizwa kama haogopi, anasema anaogopa sana, na kwamba ada za shule za watoto hazitamsubiri apate wateja.

Lakini hilo ni la mwezi ujao. Kabla ya mteja wa pili, anachota beseni la maji ya moto kwenye sinki, analiweka sakafuni mbele ya rafu, anachuchumaa na kuanza kulowesha chupa moja baada ya nyingine. Lebo zikilainika anazibandua kwa kucha, uso wake baada ya uso wake, na kila chupa iliyobaki bila lebo anaifuta kwa taulo na kuirudisha mahali pake. Madamu anamuuliza anafikiri anafanya nini.

"Mafuta ni yako, Madamu, uza," Kaza anasema bila kuacha kubandua. "Kichwa ni changu."