Betri za Mideva na Banda la Mbuzi

Ukimuuliza Mideva anafanya kazi gani, jiandae kukaa. "Nilipikia mafundi wa reli chapati, nikauza mitumba Mwatate, nikafuga kuku wakaisha kwa ugonjwa wa kideri," aliniambia huku akinisogezea kigoda. "Sasa nauza stima."

Stima anayouza hukaa ndani ya betri. Chumba chake kilikuwa nyuma ya barabara kuu mjini Voi, katika ploti ya Mzee Mwandawiro. Kuanzia alfajiri waendeshaji wa bodaboda za umeme huja mmoja mmoja, huchomoa betri iliyoisha chini ya kiti, humwachia, na kuondoka na iliyojaa. Nimeiona kazi hii Kigali na Kampala, chini ya taa nyeupe, ikifanywa na vijana waliovaa sare. Kwa Mideva hakuna sare. Kuna leso juu ya suruali, kuna redio, na kuna makaripio ya Kimaragoli ambayo hata wasioyaelewa huyatii.

Baba yake alitoka Magharibi kuja kukata makonge, naye Mideva akazaliwa katika kambi ya shamba karibu na Mwatate. Huko kambini, maji ya kunywa yalipelekwa shambani katika mtungi uliovikwa gunia la katani lililoloweshwa. Kadiri upepo ulivyolikausha gunia, ndivyo maji yalivyopoa. Hakuna mtoto wa kambi asiyelijua hilo. Kwa hiyo joto la Januari lilipopanda, na betri zikawa zinarudi za moto kama mkate, Mideva alifanya kile ambacho mtu yeyote wa kwao angefanya. Akazivika magunia mabichi, kisha akazichaji.

"Zilikuwa zimependeza," alisema. "Kama watoto waliotoka kuoga."

Adhuhuri moja maji yalichuruzika mpaka kwenye plagi. Waya ukaungua, gunia likashika moto, moshi ukapanda. Bahati nzuri Khaemba, mwendeshaji bodaboda na mteja wake wa tangu mwanzo, alikuwa mlangoni. Alizima swichi kuu, na Mideva akalivuta lile gunia mpaka nje. Betri yenyewe haikushika. Lakini chumba hicho kilipakana na cha Dinah, fundi wa nguo, na dari ilikuwa moja. Moshi ulimfikia kabla ya habari. Alitoka mbio, futi ya kupimia shingoni, amekumbatia majoho ya kwaya.

"Mama Branice!" akamwita Mideva kwa jina la mwanawe. "Unapika nini humo?"

"Sipiki, dada. Ni gunia tu."

"Gunia tu! Majoho haya yakiungua, Pasaka wataimba wamevaa hilo gunia lako?"

"Watapendeza," Khaemba akasema. Dinah akamrushia kiatu.

Mzee Mwandawiro alistaafu kazi ya serikali, na sauti yake haijawahi kupanda. Alichungulia, akanusa, akatoa hukumu. "Mama Branice, sikufukuzi. Lakini mpaka mwisho wa mwezi unionyeshe kwamba betri moja ikiwaka, moto utabaki wake peke yake. La sivyo, uzihamishe."

Zihamie wapi? Mideva alizunguka Voi nzima. Wenye ploti walimkaribisha kwa chai, wakasikia neno betri, wakakumbuka kwamba chumba kile wamemwahidi shemeji. Bila chumba hakuna kazi, na baada ya chapati, mitumba, kuku na betri, hakuwa na hamu ya kuanza jambo la tano.

Akaamua kununua vifaa. Ndipo alipokuja Hudson, muuzaji wa vifaa vya moto, na tai yake ya zambarau. Alipanga bidhaa uani kama anayefungua duka: mitungi myekundu ya unga wa kuzimia moto, mipira ya kutupa ndani ya moto ipasuke yenyewe, vitambua moshi, na kabati la chuma lililofungwa pande zote, ambalo ndilo alilolisifu zaidi. Kisha akamimina petroli kwenye karai, akawasha, akapuliza unga. Moto ukafa mara moja. Ploti nzima ikapiga makofi.

"Sasa washa betri," Khaemba akasema.

"Moto ni moto, ndugu yangu."

"Hata mke na mama mkwe wote ni wanawake," Khaemba akajibu. "Jaribu kuwachanganya."

Mideva alicheka, lakini swali lilimwingia. Hakununua kitu siku hiyo. Alikwenda kituo cha wazima moto, na kesho yake afisa mmoja aitwaye Rachel, msichana wa milimani mwenye mabuti makubwa kuliko mwili wake, akafika kukagua. Aliposimuliwa habari za Hudson na kabati lake, kisha za magunia, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, betri si maji ya kunywa. Ikipata joto, iache ipoe kwanza kwenye hewa, ndipo uichaji. Usiifunike na chochote." Kisha akauliza, "Ukiona moshi, kitu cha kwanza unafanya nini?"

"Nachukua mtungi."

"Hapana. Unatoka."

"Natoka niache mali?"

"Unatoka na watu wote, unazima stima ukiwa nje, halafu unatupigia simu. Moshi wa hizi betri ni sumu. Unga utaua ndimi za moto, sawa, lakini joto linabaki ndani ya betri. Ukigeuka, inawaka tena. Dawa yake ni maji mengi kwa muda mrefu, na hiyo ni kazi yetu."

"Kwa hiyo mtungi ni bure?"

"Si bure. Waya ukiungua kama ule wako, au pazia, mtungi unakufaa. Ununue. Lile kabati lisilo na tundu usinunue. Gesi ikikosa njia, mlango utaruka kutafuta Mombasa."

Rachel alipima ukuta wa Dinah kwa macho, akatikisa kichwa. Hakuna kifaa, alisema, kitakachoshinda umbali. Alipogeuka aliona mwisho wa ploti kijumba cha mawe, sakafu ya saruji, paa la mabati, kimejitenga na kila kitu.

"Nani anakaa pale?"

"Mbuzi wa Mzee," Mideva akajibu, tayari akihesabu hatua hadi pale.

Jioni alikwenda kwa Mwandawiro. Alianza na habari za watoto, akaja za mvua, akafika za mbuzi.

"Umenijia ili mbuzi wangu wahame?" mzee akauliza.

"Mzee, wewe ulisema moto ukae peke yake. Katika ploti hii wanaokaa peke yao ni mbuzi."

"Na fisi wa huku Tsavo je? Nitawaambia waje na ruhusa?"

"Mbuzi waje chumbani kwangu. Kina mlango wa chuma, na kodi nitalipa kama kawaida."

Mwandawiro aligeuka kulitazama banda. Alikuwa na beberu mmoja aliyempenda kuliko baadhi ya jamaa zake, jina lake Meneja. "Meneja hajawahi kulala kwenye vigae," alisema hatimaye, na Mideva akajua sehemu ngumu imepita.

Mbuzi wakahamia chumbani, na bandani fundi alitoboa matundu ya hewa juu, akajenga rafu za chuma zenye nafasi kati ya betri na betri, akaweka swichi kuu ukutani kwa nje. Hudson aliuza mtungi mmoja, ukatundikwa nje ya mlango, na vitambua moshi viwili. Kando kabisa, penye anga tupu, palisakafiwa kipande cha saruji cha kuwekea betri iliyovimba, kuanguka au kulowa. Khaemba alikuwa wa kwanza kukitumia, baada ya kuanguka njia ya Mwatate.

"Lakini betri bado inatembea, Mama Branice!"

"Itembee mpaka pale nje. Humu haiingii."

Siku ya ukaguzi Mzee Mwandawiro alikuja na kitambaa kinachofuka, akakiinua chini ya dari bila kumwambia mtu. King'ora kikapiga kelele. Khaemba, aliyekuwa akisinzia kwenye pikipiki, nusura aanguke tena. Mideva alikuwa tayari nje, amemvuta mzee kwa mkono wa koti, amezima swichi, simu sikioni.

"Mtungi umeusahau," mzee akasema, akikohoa.

"Sijausahau. Nimetoka."

Mwandawiro alikizima kitambaa kwa kiatu, akatoa mfukoni kufuli la banda, akampa. Kwake hiyo ndiyo mihuri yote.

Anayelalamika sasa ni Dinah. Nilimkuta akigonga ukuta kwa mkasi huku mbuzi wakimjibu kutoka upande wa pili.

"Mzee! Huyu Meneja wako anaimba tangu asubuhi, na hajui sauti ya tatu wala ya nne!"

"Mvumilie, mama," Mwandawiro akajibu kutoka barazani. "Huyo angalau hashiki moto."