Tairi Mpya, Difu ya Zamani

Kwa miaka mingi nilikana kwamba niliogopa lile lori. Nikiulizwa kwa nini nilihamishwa kutoka karakana ya Naro Moru, nilijibu kwamba ni hesabu. Hesabu ilikuwepo, lakini woga ulikuja kabla sijashika kalamu.

Siku ya kwanza kazini nilifika na shahada ya uhandisi na viatu visivyofaa. Tulikuwa tukipandisha mabomba ya maji hadi ukingo wa msitu, mlimani. Dereva, Muriithi, aliyelingana nami umri, aliviangalia viatu vyangu.

"Karibu, Madam. Hapa matope hukula wageni kuanzia chini."

Matope hayo yalikuwa yakililaza lori kwa tumbo, basi Meneja wa Usafiri akanunua tairi kubwa zaidi. Lori likainuka, likapita, watu wakashangilia. Mimi nikapiga hesabu. Tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, lakini difu, yaani gia za ekseli zinazozungusha magurudumu, ilibaki na meno yale yale. Kupanda, injini huchoka. Kushuka ni kubaya zaidi: gia ya kwanza, inayolishika lori lisikimbie, huanza kufanana na ya pili. Kazi yote huangukia breki, nazo zikipata moto hulegea. Dawa ni kubadilisha meno ya difu yalingane na tairi.

"Ati difu?" Muriithi alicheka. "Madam, matope haisomangi hesabu. Gari sasa iko na miguu!"

"Kupanda sibishi. Utashuka na nini?"

"Na Mungu. Na Njogu."

Njogu alikuwa utingo wake, mtu mzima mwenye wajukuu. Lori likianza kuteleza, yeye huruka chini na kutia jiwe mbele ya gurudumu. Jiwe lenyewe alilichagua mtoni miaka ya nyuma, akalichonga likae sawa mbele ya tairi, akalifunga kamba nyuma ya kebini. Hakuna aliyeruhusiwa kulikalia.

Nilikataa kuliidhinisha lori. Meneja akaniita. "Chuo kikuu ulisomea uhandisi ama woga?"

"Uhandisi. Woga nilikuja nao kutoka nyumbani."

Hakucheka. Nilipelekwa stoo ya vipuri Nyeri, kisha Othaya kwenye malori ya majani chai, mwishowe Kenol, kwenye lami, ambako hakuna anayekuuliza habari za difu. Lori la Naro Moru liliendelea kupanda na kushuka, na kila safari salama ilinithibitisha kuwa mwoga tu. Niliacha kazi mapema nikiwa na aibu hiyo. Kuna asubuhi nilitamani nionekane nilisema kweli, kisha nikakumbuka lazima kitokee nini ndipo nionekane hivyo.

Juzi nilikuwa nikipogoa kahawa simu ikalia.

"Madam, ni Muriithi. Niko hospitali."

"Breki?"

"Zilishika moto. Nikaweka ya kwanza, ikakataa kushika gari."

"Na Njogu?"



"Aliruka na jiwe, akaiweka vizuri, vile huweka. Tairi ikapanda juu ya jiwe, Madam, ikamfikia. Hiyo jiwe ilikuwa ya zile tairi za zamani."