Mbegu za Msonobari Zilizoniharibia Ulimi

Mbegu za msonobari mimi sitaki hata kuziona. Nikiwekewa kwenye saladi nazitoa mojamoja kwa uma, na wanaonijua wamezoea kunicheka. Wacheke tu.

Mwaka ule mama alitoka kwetu Eastleigh akaja kukaa nami huku ughaibuni, Saltley. Ugonjwa ulikuwa umemwondolea ladha. Chumvi na sukari kwake vilikuwa kitu kimoja. Lakini kupika, thubutu, hakuacha. Aliniita jikoni, akanipa kijiko: "Onja, mwanangu." Nikisema iko sawa, uso wake wote ulicheka. Mengine yote alishawaachia wengine; upishi ndio uliokuwa umembakia wa kujivunia. Nami nilikuwa nimechukua likizo, kila kilichoingia kinywani mwangu kikitoka mikononi mwake.

Duka moja la Alum Rock Road liliuza mbegu hizo pamoja na mafuta yaliyokamuliwa kutokana nazo, kachupa kadogo. Mwenye duka alisema mafuta yanatuliza tumbo. Nikabeba vyote. Mafuta nikampa mama akaangie vitunguu. Mbegu nikazitafuna mwenyewe mbele ya televisheni mpaka pakiti ikaisha. Zilikuwa tamu, laaini, jamani!

Keshokutwa yake mama akapika pilau, akaniita kuonja. Chungu kama shubiri! Nikatema kwenye sinki kabla sijafikiri.

"Ni haya mafuta yako," akasema, akamwaga sufuria nzima.

Akarudia kwa mafuta yetu ya kawaida. Chungu. Akabadilisha bizari, akasugua sufuria upya, akatumia maji ya chupa. Chungu vilevile. Hata chai ilikuwa chungu, lakini chai nayo alipika yeye.

"Basi mkono wangu umekufa," akasema. Akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaikunja, akaenda kukaa sebuleni. Tangu siku hiyo tulikula chipsi za dukani, nami nikazimeza kwa shida nikidhani ni huzuni tu, mpaka nikampeleka uwanja wa ndege.

Ladha yangu ilirudi yeye akiwa ameshafika kwake. Niliporudi kazini nikasimulia, na mwenzangu mmoja akaniuliza kama nilikuwa nimekula mbegu za msonobari. Kumbe baadhi ya mbegu hizo huacha uchungu mdomoni kwa siku nyingi, na kila unachokula unakiona kibovu. Yeye pia yalimkuta.

Nilimpigia mama palepale, bado nimevaa glavu. "Mama, wallahi ulikuwa ulimi wangu! Chakula chako hakikuwa na kasoro yoyote. Ni zile mbegu!"



"Asante, mwanangu," akasema. "Kudanganya hujui, lakini umejaribu."

Niliapa, nikalia, nikamweleza upya. Akaniuliza kama huko kungali na baridi. Dada yangu, aliyekuwa akiishi naye, aliniambia mama jikoni haingii tena, anangoja kuandaliwa kama mgeni. Na alifariki akiamini hivyo, kwamba nilimdanganya kwa kumhurumia.