Asubuhi Ambayo Dada Aliniita

Mto ulipovunja ukingo, dada yangu alikuwa ndani anachemsha chai. Ilikuwa asubuhi, watu wako macho, na bado hakuna aliyeweza kumfikia. Tuliishi pamoja Laini Saba, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, kando ya mto. Yeye alikuwa fundi wa nguo, mimi nasuka nywele kwenye saluni mtaa wa Kawangware. Siku hiyo nilikuwa nimetangulia kazini. Tulimpata kesho yake, mbali huko chini, amekwama kwenye takataka. Nilimtambua kwa rinda alilojishonea mwenyewe.

Tulimzika nyumbani kwetu mashambani, Magharibi. Sikulia. Niliporudi Nairobi nilikuwa na hasira tu. Mteja akisema namvuta nywele, namwacha na kichwa kimesukwa nusu. Mvua ikigonga mabati, pumzi inakatika, vidole vinakufa ganzi. Mwenye saluni alinivumilia, mwishowe akasema, "Kuna mshauri wa watu waliofiwa pale kanisani Kianda. Enda umuone. Mimi nimeshindwa na wewe."

Mshauri alikuwa msichana mdogo kwangu. Hakuanza na habari za mto.

"Hasira ikikuja, unaiskia wapi?"

Nikashika koo. "Hapa. Kama kitambaa nimemeza kikakwama."

Alinifundisha kutoa pumzi polepole, na kutaja kwa sauti vitu ninavyoviona mbele yangu. Kisha akasema nikizidiwa ninawe uso kwa maji baridi, akaniletea karai. Nilipoona yale maji yakicheza, nililipiga karai teke. Akachukua tambara, akapangusa sakafu. Halafu akasema, "Pole, dada. Hapo nilikosea. Tutafute njia ingine."

Tukapata ukuta. Nilikuwa nausukuma kwa viganja vyote mpaka mabega yatetemeke, mpaka mwili ukumbuke uko wapi.

Hayo yalikuwa ya kunishikilia tu. Kazi yenyewe ilikuwa kusimulia. Kila nikienda ananiambia, "Anza na chai," nami nasimulia ile asubuhi, naishia maji yanapofika mlangoni. Alijua kuna kitu nakiruka, lakini hakunisukuma. Siku moja kikatoka chenyewe: jirani aliyepanda juu ya paa asubuhi ile aliniambia dada alikuwa anaita jina langu. Dada alidhani nimerudi kutoka kazini. Aliita mpaka sauti ikaisha.

Nililia nikatapika. Mshauri alikaa hapo hapo, mkono wake mgongoni mwangu.

Sikupona siku hiyo. Mvua bado inanikamata, na kuna asubuhi siamki. Lakini kile kitu sasa naweza kukisema.

Mwaka huu mama alikuja, akataka aonyeshwe mahali dada alipochukuliwa na maji. Nikampeleka. Alitazama mto, kisha akauliza, "Alisema chochote?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia alivyoniita. Mama akakaa chini kwenye matope na nguo yake ya kanisa, akapiga mayowe, na watu wakasimama kutuangalia. Nikakaa kando yake. Sikumwambia anyamaze.