Mchanga Umeshaenda Kazini

Mkono uliozoea kupikia watu mia hauwezi kupikia wawili. Mambo yote yalianzia hapo. Anayesema Mama Bata alianza kufuga kwa ubishi anamsingizia. Ubishi ulikuja baadaye, na ulikuja kwa haki.

Alikuwa mpishi wa shule ya bweni tangu ujana hadi mvi. Siku aliyostaafu walimpa mwiko wake, ule mrefu unaofika kifuani, na saa ya ukutani iliyokufa kabla wiki haijaisha. Mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Saa kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kibandani kwake karibu na stendi, aliifungua ile saa, akaichungulia, akaifunga.

"Hii imestaafu kabla yako," akamwambia.

Basi mama akaanza kupika nyumbani. Fundi Saa akala wali asubuhi, akala wali mchana, jioni akaletewa wali.

"Mke wangu, kuna wageni?"

"Hakuna."

"Basi waite, maana mimi nimeshindwa."

Hakuwaita. Alinunua kuku ale makombo. Kuku akawa mpweke, akatafutiwa mwenzake. Kinyesi cha kuku wawili Fundi Saa alikikusanya pembeni mwa ukuta, kwani hakujua kutupa kitu, na mvua ya kwanza ilipopita pale pakaota mchicha ambao hakuna aliyeupanda. Mama akauchuma, akaupika, kama kawaida ukazidi. Wakaongeza kuku. Halafu likaja hodhi kuukuu la kuogea, lililotupwa na watu waliokuwa wakibomoa nyumba barabara ya nyuma. Fundi Saa alilivuta kwa mkokoteni akaliweka chini ya bati linapomwaga maji ya mvua, wakanunuliwa bata, nao wakapata ziwa. Sungura walipangishwa kwenye droo za kabati la zamani. Nyanya zilipanda kwenye nondo za dirisha, vitunguu vikakaa kwenye mabeseni yaliyotoboka, bamia zikajipanga ukutani kama watoto wanaosubiri uji.

Majirani walicheka. "Mama Bata!" waliita juu ya ukuta, "leo ziwani kumechafuka?"

"Njoo uoge uone," aliwajibu. Jina akalivaa kama nguo mpya.

Wale bata walitaga wakatupa, maana bata ni mama wa mdomo tu. Mayai yao yaliwekwa chini ya kuku mmoja mwekundu, mwenye hasira za mkwe aliyecheleweshewa chai, na huyo ndiye aliyekuwa akiatamia. Tatizo la kuku anayeatamia ni kwamba wenzake humwingilia na kutaga hapo hapo, mapya yakachanganyika na yanayolaliwa. Kwa hiyo yanayolaliwa huwekwa alama ya mkaa. Watu wengine huchora msalaba au mstari. Fundi Saa alichora saa: duara dogo na mishale miwili. Kila yai na saa yake.

"Mishale yote inaonyesha wapi?" mama alimuuliza siku moja.

"Saa ya kula," alijibu.

Asubuhi aliyofariki alikuwa ametoka kuchora. Alifunga mlango wa banda, akapiga hatua kuja jikoni, na pale penye utelezi karibu na hodhi akaenda chini. Haukuwa utelezi, daktari alisema ni moyo. Lakini kifungua mimba wao, aliyekuja mbio na gari kutoka ofisini, alimkuta baba yake kalala kwenye tope, bata wamemzunguka, na picha hiyo haikumtoka tena. Waliomwosha marehemu walisugua vidole, mkaa ukagoma kutoka wote.

"Uacheni," akasema Mama Bata. "Anakwenda na kazi yake. Aliyemwita anaijua."

Nyumba ikajaa. Mama akakalishwa kwenye mkeka chumbani, na wifi yake, dada mkubwa wa marehemu, akashika jiko. Wifi alikuwa mtu wa sala na amri, na huwezi kujua lini amemaliza moja akaanza nyingine. Asubuhi moja watu walikuwa wengi kuliko mkate. Akatoka uani na bakuli, akaingia bandani. Akaona mayai ya namna mbili: meupe matupu, na yenye alama. Akafikiri kama mtu yeyote mwenye akili atakavyofikiri: yenye alama yamekaguliwa, ndiyo ya kula. Akapambana na kuku mwekundu, akadonolewa, akashinda. Mayai ya saa yote yakaingia bakulini. Matupu akayaacha.

Mama Bata, kule kwenye mkeka, alisikia kuku analia. Kila kuku alimjua kwa sauti. Huyu alikuwa analia kama mtu aliyeibiwa.

Mjane hatoki mkekani ovyo, na wanawake walimshika nguo. Aliwaachia mtandio, akaenda. Alifika jikoni wakati ule ule wifi anapasua yai la kwanza kwenye kikaango. Kilichoanguka kwenye mafuta hakikuwa kiini. Kilikuwa na jicho.

Wifi akapiga yowe. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa sala, akasema, "Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ya Mungu haina, wifi," akasema Mama Bata. "Ya kwako inayo."

Alichukua bakuli, akayatia mayai yaliyobaki kifuani, ndani ya nguo ya msiba, akapita katikati ya waombolezaji, akaenda bandani akamrudishia kuku mali yake moja moja. Nyuma yake akasikia mtu ananong'ona, "Mume hajapoa kaburini, yeye anakimbilia kuku."

Alisikia, akalimeza. Alipomaliza akabaki ameinama, paji la uso kwenye wavu, akamwomba Mungu kitu kimoja tu: asimnyime hata hivyo vilivyoachwa na mkono wa mumewe.

Wageni walipotawanyika kikaitwa kikao. Kifungua mimba alikaa kiti cha baba yake bila kukusudia, akagundua, akahamia kingine.

"Mama, tumeamua," alisema. "Utakuja kwangu. Kuna chumba, kuna lifti. Hapa uani tutamwaga zege, watu waegeshe magari. Nyumba isikae bure."

"Mmeamua nani na nani?"

"Mimi na shangazi."

Wifi akatazama mikono yake.

"Na wanyama?"

"Watauzwa, mama. Ama watachinjwa. Unampikia nani sasa?"

Hilo ndilo lililomkata. Hakuwa amejiuliza, na sasa kijana wake mwenyewe amelitamka mezani kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Akatafuta jibu, hakulipata siku hiyo.

"Basi kuku akishatotoa," akasema wifi kwa upole, ndiyo njia yake ya kuomba msamaha, "ndipo mafundi waje. Tumwachie amalize."

Ukimya wa mama wakauchukua kuwa ni ndiyo.

Jirani yake mshonaji, aliyesikia yote kupitia dirishani kwa kuwa cherehani yake huacha kulia panapotokea la kusikiliza, alimfuata kwenye kamba ya nguo.

"Shoga, hilo ni jepesi. Kila yai likikaribia, unatoa, unaingiza jipya. Kuku ataatamia mpaka mwanao aote mvi. Na neno lao wamelisema wenyewe: akishatotoa."

Mama Bata alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba. Halafu akatikisa kichwa.

"Kuku anayeatamia hali sawasawa. Nikimweka hapo mpaka mwanangu aote mvi, atakufa kwa njaa akisubiri watoto nisiotaka azae. Mimi mjane, shoga, si mchawi. Kama ni kukataa nina mdomo."

"Mbona hukuutumia?"

"Nilikuwa natafuta jibu."

Kuku akatotoa. Si mayai yote, mengine yalipoa siku ile ya bakuli, lakini vifaranga vya bata vilitoka, njano kama viini, na mama yao mwekundu akaviongoza kwenye hodhi akaona vinaruka majini, akakimbia huku na huku ukingoni akiita msaada. Mama Bata aliketi juu ya ndoo akamtazama. "Acha kelele," akamwambia. "Hawazami. Ni wewe tu unayeogopa maji."

Ijumaa lori likaja. Likamwaga mchanga mlangoni, likashusha kokoto na mifuko ya saruji, dereva akasema mafundi watafika Jumatatu, kwa amri ya mwanawe. Kuku waliuona mchanga kabla ya mtu yeyote. Kufikia mchana walikuwa wote ndani yake, wamejilaza ubavu, wanajirushia mabawani, macho yamefumba kwa raha.

Mama Bata akasimama mlangoni na jembe. Udongo wake ulikuwa mfinyanzi, mzito, karoti zilitoka zimepinda kama vidole vya mzee. Miaka yote Fundi Saa alisema, "Ukipata mchanga, utaona karoti." Mchanga huu hapa. Umeletwa mpaka mlangoni, na hakuna aliyemuuliza anautaka kwa kazi gani.

"Bwana ametoa," akasema, akapiga jembe la kwanza.

Alifanya kazi Ijumaa, akafanya Jumamosi. Jumapili alikwenda kusali, akaomba nguvu za mikono, akarudi akajikuta anazo. Mshonaji alikuja na karai bila kuulizwa. Walichanganya mchanga na mfinyanzi na samadi ya sungura, tuta baada ya tuta, mpaka ua ukawa laini kama unga uliochekechwa, na juu yake ikapita mbegu ya karoti. Lile fungu la mlangoni likabaki dogo, la kufika gotini.

Jumatatu akaja fundi wa zege, mwanamume mnene mwenye kofia ya plastiki, na msaidizi wake. Akaangalia mlangoni, akaangalia ua.

"Shikamoo mama. Mchanga uko wapi?"

"Marahaba. Mchanga umeshaenda kazini."

"Kazi gani?"

"Ile." Akamwonyesha matuta.

Fundi akavua kofia, akajikuna. "Mama, mimi nimeshalipwa siku nzima."

"Basi fanya siku nzima. Nani amekuzuia? Lile hodhi linavuja. Nijengee ziwa. Mchanga niliokuachia unatosha, nimepima kwa mwiko."

"Mwanao aliniambia niuzibe ua wote."

"Mwanangu hakuzaliwa na ua. Ua ni wangu, na baba yake alikufa ndani yake akiwa kazini. Ukitaka kumwaga zege juu ya karoti, mwaga. Ila mimi nitakuwa nimesimama hapo kwenye tuta, na miguu yangu ni mirefu kuliko inavyoonekana."

Msaidizi akaangua kicheko. Fundi akamtazama yule mama, akatazama mwiko mrefu aliouegemea, akavaa kofia yake.

"Ziwa liwe na ngazi?" akauliza.

"La ngazi. Vifaranga ni wadogo."

Jioni kifungua mimba alipotoka kazini akapita kuona zege lake. Alikuta fundi amepiga magoti analainisha ukingo wa bwawa, na msaidizi anakula. Alisimama pale pale alipomkuta baba yake, na uso wake ukafanya kile mama yake alichokiogopa kuliko hasira: ukalegea kama wa mtoto.

"Mama, baba alianguka hapa," akasema. "Hapa hapa. Mimi nikiingia humu simwoni mtu mwingine. Nilitaka pafunikwe. Basi."

Hapo Mama Bata akaelewa kilicholileta lori. Hakuwa mroho, kijana huyu. Alikuwa kuku mwekundu kwenye ukingo wa hodhi.

Alimwonea huruma, na hakurudi nyuma.

"Wewe ulimkuta ameanguka, mwanangu. Mimi nilimwona ameinama anachora, anaimba vibaya kama kawaida yake. Ukifunika utafunika vyote viwili. Chako ukitaka kufunika, lia, Mungu ameumba machozi kwa kazi hiyo. Changu hakifunikwi."

"Utaanguka na wewe. Peke yako."

"Nitaanguka. Kwani lifti yako inazuia kufa? Mimi nitakaa hapa, nitafuga hapa, nitapika hapa. Siku ukisikia nimekufa, lete mchanga mwingine. Ila kabla hujamwaga, nenda kwanza bandani ukaangalie kama kuna anayeatamia."

Fundi alijifanya hasikii, akalainisha palipokwisha lainika.

Kijana akafuta uso kwa kiganja. Kisha akaitazama sufuria iliyokuwa juu ya mafiga, sufuria ya watu ishirini, na neno lake lile lile la kwenye kikao likamtoka tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Unampikia nani, mama?"

Jibu alilolikosa siku ya kikao lilikuwa mbele yake sasa: fundi mmoja, msaidizi mmoja, mshonaji aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta akijifanya anaanua nguo, na huyu mwenye tai aliyevimba macho.

"Nampikia aliyekuja," akasema. "Vua viatu, unakanyaga karoti."

Akavua. Mama Bata akachukua ule mwiko mrefu, akaufuta saruji kwa upindo wa nguo ya msiba, akapakua, kama kawaida, kingi mno.