Vijiwe vya Bibi

Juzi nilimkuta dada yangu Stella akichambua maharage na mama, ambaye siku hizi hakumbuki majina yetu. Wivu wa zamani ukanirudia.

Wakati wa vita, baba akiwa mstari wa mbele, kijiji chetu karibu na Rulenge kilichangia maharage ya askari. Bibi, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumtoka, alichambua kila mchana uani, katikati ya harufu ya magunia na vumbi. Stella tu ndiye aliyeketi naye mkekani. Mimi nikisogea, bibi aliuliza, "Mtoto wa nani huyu?"

Siku moja nilimwona Stella akivirudisha kwenye ungo vijiwe ambavyo bibi alikwisha kuvitoa. Nilifurahi sana. Nikakimbilia kwa balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, balozi. Stella anawatilia askari mawe."

Balozi alikuja mbio. Bibi alikuwa akichambua upya, anaimba polepole kwa Kihangaza.

"Maharage ya askari yameshafungwa, yako ndani," Stella alimnong'oneza balozi. "Haya ni ya bibi. Yakiisha, analia."

Balozi alivua kofia, akaketi, akaanza kutoa mawe. Bibi alimsogezea ungo. Mimi nilibaki nimesimama.

Juzi nilivua viatu nikaketi. Mama alinitazama, akamuuliza Stella mimi ni mtoto wa nani. Nilingoja Stella aende jikoni, kisha nikavirudisha kwenye ungo vijiwe alivyovitoa mama, kwa mkono wangu mwenyewe.