Ng'ombe kwenye Kadi za Jamhuri

Siku chifu alipoleta ombi lake ilikuwa Alhamisi ya kuchuma chai. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na sisi watu wa Kimulot tulikuwa shambani tumelowa hadi kiunoni, tukichuma majani mawili na chipukizi na kuyatupa kwenye vikapu mgongoni. Mama alikuwa mstari wa pili, akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Baba alikuwa zizini akizungumza na ng'ombe, maana watu aliwachoka mapema. Hadi saa kumi jioni hakuna jambo lolote lililotokea, na leo ndiyo maana naipenda siku hiyo.

Jioni hiyo chifu alikuja akatukumbusha kwamba vita vya kaskazini havijaisha, na kwamba vijana kumi na watatu wa lokesheni yetu wako huko jeshini, wakipigana na wale waliotaka kujitenga, tuliowaita shifta. Sikukuu ya Jamhuri ilikuwa inakaribia. Alitaka kanisa liwatengenezee kadi za kuwapa heshima, zenye bendera na neno la kutia moyo. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na niliwahi kuchora safina ya Nuhu kwenye ukuta wa darasa bila mzazi yeyote kulalamika. Kazi ikawa yangu.

Mmoja wa wale kumi na watatu alikuwa ndugu yangu mdogo, Kipkoech. Alikuwa ameingia jeshini kwa hasira. Tulikuwa na ng'ombe aliyeitwa Chebirir, jina lenye maana ya mwekundu, ambaye Kipkoech alimlea kwa kumnywesha maziwa kwa mkono baada ya mama wa ndama huyo kufa. Baba akatangaza kwamba atambadilisha na fahali wa kulima wa rafiki yake wa Kapkatet. Kipkoech alisema maneno ambayo mwana hasemi mbele ya baba yake, na baba akajibu maneno ambayo angefaa kuyameza. Wiki moja baadaye kijana alikuwa amevaa buti za serikali.

Chebirir hakuondoka. Baba alimwambia yule rafiki kwamba amebadili nia, basi. Lakini hakuruhusu mtu amwandikie Kipkoech habari hiyo, kwa sababu ingeonekana kama kuomba msamaha, na baba yangu hata kwa Mungu aliomba msamaha kwa kifupi sana. Mwaka mmoja na nusu ukapita. Nilipeleka barua tatu za salamu, nikiwa nimekatazwa kutaja ng'ombe. Hakuna iliyojibiwa. Mama alianza kuwapikia wageni wote chakula alichokipenda Kipkoech.

Nilianza na bendera. Nyeusi niliipata kwa masizi, nyekundu kwa wino wa kusahihishia madaftari. Ya kijani niliikamua kutoka kwa majani mabichi ya chai, nikajisifu kwa kutumia mali ya nyumbani. Mimi niliyezaliwa kando ya mche wa chai nilisahau jani hilo hufanya nini likishapondwa. Siku ya pili bendera zote zilikuwa nyeusi, nyekundu na kahawia. Chifu aliishika moja kwa vidole viwili akaniuliza kwa upole hiyo ni nchi gani. Nikaenda Kericho kutafuta rangi ya dukani.

Kisha akina mama wakaja kukagua. Waliziangalia bendera mpya kwa heshima, halafu mama yake Rono, jirani yetu, akasema lililokuwa moyoni mwa wote.

"Mwalimu, mtoto wangu bendera anaijua. Ako nayo huko kila siku. Anataka kujua kama ng'ombe bado wako."

Nikachora ng'ombe mmoja mzuri, wa kutumika kwenye kadi zote. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko la majani ya chai. Kila mama alimtazama na kusema hamjui. Mmoja alisema mwanawe akiona huyo atafikiri wameuza wa kwao wote na kununua hako kagonjwa. Basi nikazunguka nyumba kwa nyumba na daftari langu, nikichora kila ng'ombe akiwa amesimama mbele yangu na mwenyewe akiwa nyuma ya bega langu.

Kwetu sikuthubutu kuuliza. Lakini alasiri moja baba aliniita zizini. Chebirir alikuwa amefungwa kwenye nguzo, ameoshwa.

"Chora," akasema.

Tulikaa hapo saa mbili. Doa jeupe liko bega la kushoto, akasema, na si kubwa hivyo. Pembe ya kulia inainama kuelekea jicho. Sikio la kushoto lina mkato mdogo, kwa chini. Aliniuliza mkono wangu unaogopa nini. Alidai nichore hata kope. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni na leso mdomoni, na sikujua kama anacheka au analia. Nilipomaliza, baba aliutazama mchoro kwa muda mrefu, akasema nimpelekee, kisha akaenda kukata nyasi ambazo tayari zilikuwa zimekatwa. Sikuwahi kumwona akiandika barua ndefu kuliko ile.

Karatasi ngumu za kadi zilikuwa chache na niliogopa kuziharibu. Kwa hiyo nilizikoleza penseli zile picha za daftari, nikazilaza kifudifudi juu ya kadi na kuzisugua kwa nyuma kwa kijiko mpaka mistari ikahamia. Nikapitisha wino. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa akili hiyo. Chifu alizifunga bahasha siku hiyohiyo, na hakuna mwenye ng'ombe aliyeziona tena.

Pasta wetu alipata kibali cha kwenda kuwaongoza askari katika ibada, nami nikaruhusiwa kumfuata na sanduku la kadi. Tulipita Nakuru na Nanyuki hadi Isiolo, kisha tukapanda msafara wa malori ya jeshi. Pasta alikuwa amebana kibuyu cha mursik katikati ya magoti, maziwa yetu ya kugandisha, zawadi ya mama yake Rono. Kadiri jua lilivyopanda, kibuyu kilianza kunung'unika. Pasta alikibembeleza kwa mkono.

Katikati ya nchi kavu isiyo na hata jani, kizibo kiliruka kwa mlio.

Lori lilifunga breki, na askari wote wakajitupa chini yake. Bunduki zilielekezwa vichakani pande zote mbili. Pasta alibaki ameketi wima, mweupe kwa maziwa kuanzia nyusi hadi tai, na akaomba radhi kwa Kiswahili cha mimbarini. Sajini hakucheka. Aliuliza ataandika nini kwenye ripoti.

Kambini, baada ya ibada, vijana wetu walikusanyika kivulini mwa lori. Kipkoech alikuja wa mwisho. Alikuwa amekonda. Alinipa mkono kama anayempa mgeni wa serikali, akapokea kadi yake na kuiweka mfukoni bila kuifungua. Wenzake walifungua za kwao. Nilingoja furaha.

Walizisogeza kadi karibu na macho, kisha mbali.

"Mwalimu," Rono akasema, "hii ng'ombe ni ya nani?"

Nikamwambia ni yao.

"Yetu imevunjika pembe ya kulia. Hii imevunjika ya kushoto."

Mwingine akapiga ubavu wake mwenyewe kuonyesha mahali doa la ng'ombe wao linapokaa, na mahali nilipoliweka mimi. Wakasema nimechanganya bahasha. Walibadilishana kadi, wakabishana, wakabadilishana tena; hakuna ng'ombe aliyepata mwenyewe. Koplo mmoja mtu wa ziwani alisimama kando, akauliza kama hawa ndio wanaume anaowategemea akishambuliwa. Pasta aliwasihi waitazame bendera. Hakuna aliyeitazama bendera. Hatimaye Rono alinishika bega na kuniambia niseme ukweli mbele ya mtumishi wa Mungu: ng'ombe wa Kimulot wameibwa wote, na sisi tumechora wengine ili kuwaficha habari hiyo?

Niliapa. Haikusaidia.

Ndipo Kipkoech akafungua yake. Aliikodolea macho muda mrefu, akasogea kwenye jua, akaigeuza ile kadi nyuma mbele na kuiinua juu mpaka mwanga ukapenya na mistari ikaonekana upande wa pili. Akaanza kucheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu aondoke nyumbani.

"Huyu mwalimu wenu alilaza karatasi kifudifudi," akawaambia. "Inueni juu."

Wanaume kumi na watatu wakainua kadi zao kwenye jua, na ng'ombe wote wakarudi upande wao. Walinicheka mpaka wengine wakakaa chini. Jina walilonipa siku ile, Mwalimu Kinyume, lilinifuata mpaka nilipostaafu.

Kipkoech alinivuta kando. Akaweka kidole kwenye sikio la ng'ombe.

"Hii alama wewe ulikuwa huijui."

"Baba alinionyesha."

"Alikatwa na seng'enge nikiwa mimi na baba tu. Tulimficha mama." Akapitisha ukucha juu ya mkato. "Kwa hivyo hakumtoa."

"Hakumtoa."

"Na alisimama hapo ukichora?"

"Saa mbili. Alitaka hata kope."

Aliikunja kadi polepole. Aliniambia atakuja likizo mwezi wa pili. Kisha akasema nimwambie baba kwamba alimkosea kwa mdomo, na kwamba amelijua hilo siku nyingi. Ilikuwa saa sita mchana.

Asubuhi iliyofuata kikosi chake kilitusindikiza. Yeye alipanda lori la kwanza. Mimi na pasta tulipanda la tatu. Alinipigia saluti kwa mkono wa kushoto, kwa kunidhihaki.

Barabara ilikuwa nyeupe.

Nikasikia mlio. Kwa nukta moja nilidhani ni kibuyu kingine.

Kisha nikaona vumbi limesimama kama mti, na lori la kwanza halipo ndani yake.

Tuliambiwa tusishuke. Tulishuka.

Lilikuwa bomu la kutegwa chini ya ardhi. Watatu walikufa. Kipkoech alikuwa amelala kwa ubavu, kama mtu aliyechoka. Rono alinishika nisikaribie zaidi. Pasta alifungua Biblia na hakuweza kusoma. Ilikuwa saa moja na dakika chache.

Habari ilifika Kimulot kabla yangu. Nilimkuta baba ameketi nje, mikono juu ya magoti.

"Aliona?" akaniuliza.

Nikamwambia aliona. Nikampa ujumbe wote, neno kwa neno, kama nilivyoubeba. Nikamwambia pia jinsi nilivyogeuza ng'ombe. Alinifanya nirudie pale Kipkoech alipocheka. Nikarudia. Akanifanya nirudie tena.

"Mwalimu mzima," akasema, "hajui kushoto na kulia." Akaingia ndani na kufunga mlango, na mama akanizuia kumfuata.

Sasa mimi ni mzee kuliko baba alivyokuwa. Nimewaombea watu wengi, na katika hao nimewaombea waliotega bomu lile. Walikuwa wafugaji kama sisi. Nao bila shaka walikuwa na mama zao, na ngamia waliowajua kwa masikio, na sijui kama kuna mtu aliyewachorea chochote. Watu wao walizika wengi kuliko sisi. Ujanani sikuweza kusema hivyo kwa sauti.

Wako walioniambia kwamba kadi haikumwokoa ndugu yangu. Ni kweli. Lakini kati ya saa sita mchana na saa moja ya asubuhi ile, Kipkoech hakuwa na kinyongo na baba yake, wala baba na yeye. Ni saa kumi na tisa. Nimemshukuru Mungu kwa hizo kila siku ya maisha yangu. Sijaacha kumuuliza kuhusu zile nyingine.